Spika za Shimoni

Mvua ya Kibondo ikianza kupiga bati, hata watu wanaogombana hulazimika kuahirisha ugomvi. Hilo ndilo lililomuudhi mwalimu. Aliletwa kutoka Tanga kufundisha sayansi, akapewa nyumba ya serikali yenye bati kuukuu, na humo akaweka gramafoni ya betri, sanduku la santuri, na mashine ndogo ya sinema ya kuzungusha kwa mkono aliyoachiwa na padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Mchana mwanga ulipenya kwenye mapazia, picha hazionekani. Jioni mvua ilipiga bati, muziki hausikiki. Mtu mwingine angeuza vitu vile akanunua mbuzi. Yeye aliamua kuchimba chumba chini ya ardhi.

Mimi nilikuwa muuguzi hospitalini, na mwalimu alikuwa mchumba wangu. Au tuseme Kibondo nzima ilijua kwamba ni mchumba wangu, ila mwenyewe hakuwahi kutamka. Kila Jumapili alikuja nyumbani kwetu Busunzu, akala maharage ya mama, akaisifu migomba ya baba, akaaga. Baba, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana na kulifyeka shamba lile kwa mikono yake, hakuwa mtu wa kuchezea maharage. Siku moja akaniita. "Mavuno yakiisha, kama mwalimu bado hana neno, njia ya uani kwangu aisahau."

Nami nilimtaka mwalimu. Nasema wazi, nilimtaka sana, pamoja na wazimu wake. Lakini msichana wa kwetu hamwambii mwanamume, "Njoo unipose." Anangoja, anameza mate.

Jioni moja tukitoka hospitalini alisimama njiani, akavua kofia, akasema, "Kuna jambo kubwa nataka kukuuliza, na jibu lako nitaliheshimu." Nikasimama nami, nikajiweka sawa. "Kwa chumba cha chini ya ardhi," akasema, "bora spika moja kubwa au mbili ndogo?" Nilimwambia nina zamu ya usiku, nikaenda zangu. Sikuwa na zamu yoyote.

Spika za maana Kibondo hazikuwapo, ilibidi kwenda Kasulu. Mwalimu akaniomba nifuatane naye nikachague. Binti hapandi lori peke yake na mwanamume asiye mumewe, kwa hiyo tukaenda na shangazi yangu, dada yake baba, ambaye kwa Kiha tunamwita masenge. Masenge ndiye anayemfunda binti mambo ya ndoa, na ndiye anayempelekea baba habari. Alivaa kitenge kipya, akaketi katikati yetu juu ya magunia ya mtama, na kila lori lilipoturusha tulimwangukia yeye, kila mmoja kwa upande wake. Hakulalamika hata mara moja.

Mwenye duka alitutolea spika za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bati, yenye mdomo wa tarumbeta, kama zile za mikutano ya hadhara. Mwalimu akaweka santuri aliyokuja nayo, na yule mwimbaji wa mapenzi akageuka balozi wa nyumba kumi anayewafokea waliokwepa kazi ya kijiji. Mwalimu akatikisa kichwa. Ya pili ilikuwa sanduku kubwa kama kabati. Ilipoanza kuunguruma, sahani rafuni zikatetemeka, na masenge akashika tumbo.

"Hii haifai kwenye nyumba ya mwenye mimba," akasema, akimkazia mwalimu macho.

Mwalimu, maskini, akageuka kutazama kama kuna mjamzito dukani. Alikuwa amelipenda lile sanduku. Alilizunguka, akaligonga mgongoni, akainama akaegesha sikio, akawaamuru wateja waliofuata chumvi na sabuni wakae kimya. Alinieleza habari za sumaku na karatasi ya spika kwa sauti laini ambayo mimi sikuwahi kupewa. Niliona wivu. Naam, niliona wivu juu ya kabati.

Za tatu zilikuwa mbili ndogo, za mbao, zimefunikwa kitambaa cha kahawia. Mwenye duka aliziweka moja huku, nyingine kule, na mara mwimbaji akawa kama ameketi nasi pale dukani, anaongea na kila mmoja wetu bila kupaza sauti.

"Chagua wewe," mwalimu akaniambia. "Wewe ndiye utakayekuwa unakaa mle."

Nikachagua zile ndogo. Alilitupia kabati jicho la mwisho kama mtu anayeaga maiti, kisha akatoa pochi. Safari yote ya kurudi masenge alikuwa akiimba chinichini, na mimi nimenuna tu, sikumwuliza anaimba nini. Kumbe kwa hesabu zake mambo yalikuwa yamekwisha. Mwanamume amempeleka binti dukani mbele ya shangazi yake, amemwambia achague vitu vya nyumba atakayokaa. Kulikuwa na nini tena?

Mwalimu akachimba. Alichimba mwenyewe nyuma ya nyumba kila alipomaliza vipindi, shimo la upana wa chumba, lenye ngazi za udongo. Akaezeka kwa miti, nyasi na udongo juu. Kisha, ili sauti isigonge ukuta na kurudi, akabandika majani makavu ya mgomba pande zote. Na kwa kuwa unyevu huozesha karatasi ya spika, akawasha moto mle ndani, moshi ukawa unatoka kwa juu asubuhi na jioni.

Sasa, mzaliwa yeyote wa Buha, nchi yetu Waha, ukimwonyesha shimo lenye majani ya mgomba na moshi, hakuulizi ni la nini. Ndivyo tunavyoivisha ndizi za pombe. Na pombe ya shimo kubwa namna ile hainywi mtu mmoja, tena mtu mwenyewe asiyekunywa. Pombe ile hupelekwa kwa baba wa msichana. Wanawake waliokwenda kuteka maji walilipima shimo kwa macho, wakakubaliana kwamba binti anayeposwa kwa shimo kama lile si haba. Mzee mmoja wa Murungu alinipongeza huku sindano yangu ikiwa bado mwilini mwake. Nikiwaambia, "Jamani, ni la sinema," walicheka wakasema nimefundwa vizuri, sipendi makuu.

Habari ilifika Busunzu mdomoni mwa masenge, imekamilika na chumvi yake. Baba akahesabu siku za kuiva, za kukamua na za kuchachua, akawaita ndugu zake waje Jumamosi kupokea pombe ya mwalimu. Benchi ziliazimwa kanisani. Mama alifagia uwanja, akaufagia tena. Nikaitwa nyumbani, nikavaa gauni langu la Krismasi. Sikuamini, lakini nilivaa, kwa sababu mtu akitaka kitu sana huweza kuamini hata moshi.

Hakuja mtu. Siku hiyo mwalimu alikuwa shimoni kwake anaunganisha nyaya, anapiga miluzi. Jua liliposhuka, baba zangu wakubwa waliaga mmoja mmoja, wakisema kwa adabu kwamba huenda lori limeharibika. Baba alirudisha benchi kanisani mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Nililia jikoni, na sikulia kwa sababu ya moshi.

Jumapili baada ya ibada tukashika njia ya Kibondo: baba, kaka yake, masenge, na mimi nyuma yao. Wazee walichukua mirija yao ya kunywea pombe, maana huwezi kujua. Kwetu humwulizi mtu kwa nini hakuleta pombe. Unamsaidia kupata sababu.

"Mwakeye, mwalimu," baba akaanza kwa salamu ya Kiha. "Ndizi zimekataa kuiva?"

"Ndizi gani, baba?"

"Zilizo shimoni."

"Aaa, shimo!" Mwalimu akang'aa uso mzima. "Limekamilika! Karibuni, nilikuwa natafuta watu wa kulifungua."

Wazee wakatazamana, wakashuka. Niliwaona wakinusa. Mwalimu aliwaketisha kwenye ubao, akafunga mlango kukawa giza, akaunganisha betri ya gari, akaanza kuzungusha mashine. Ukutani wakatokea Wazungu wanaoteleza juu ya theluji, wanashuka mlima, wanaanguka, wanainuka wanacheka. Picha ile haikuwa na sauti, kwa hiyo mwalimu aliweka santuri, na spika zangu mbili zikaimba. Mungu wangu, ziliimba! Juu mvua ilianza, ikanyesha, ikakatika, sisi hatuna habari. Na katika mwanga ule wa picha nikamwona baba na kaka yake wameketi wima, kila mmoja na mrija wake mkononi, wanangoja chungu.

Filamu ikaisha. Mwalimu akafungua mlango, jasho linamtoka kwa furaha.

"Vizuri," baba akasema. "Sasa chungu kiko wapi?"

"Chungu gani?"

Masenge akashindwa kuvumilia. "Yoo! Mwalimu mzima! Umechimba shimo, umetandaza majani, umefukiza moto, watu wazima wamekaa jana wanangoja uje umpose binti wao, unauliza chungu gani?"

Mwalimu aliyatazama majani ukutani, majivu pembeni, mirija mikononi mwa wazee. Mwisho akanitazama mimi, nikaona somo likimwingia polepole, kama linavyomwingia mwanafunzi wa dawati la nyuma.

Baba akasimama. "Mimi si mtu wa sinema. Jana nimewakalisha ndugu zangu kwenye benchi za kanisa mpaka jua limezama. Shimo unalo, tena zuri kuliko langu. Likijaa ndizi, uje. Lisipojaa, binti yangu usimtazame tena." Akapanda ngazi, kaka yake na masenge nyuma yake.

Tukabaki wawili. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na aibu, na zaidi ya yote nilikuwa naogopa atakachosema. Nilijua kitakuwa nini: kwamba atachimba shimo jingine, dogo, kule bondeni, akipata nafasi. Mtu yeyote mwenye akili angesema hivyo. Nani angeivisha ndizi za pombe katika chumba alichokijenga hivi kwa mikono yake?

Mwalimu alikaa chini kwenye udongo, akaanza kufungua nyaya.

"Si uchimbe jingine?" nikamwuliza.

"Jingine litachukua wiki nyingi," akasema bila kuinua kichwa. "Nitachelewa."

Akazikunja nyaya, akaishusha spika ya kwanza kutoka ukutani, akanikabidhi. Alikuwa hajamruhusu mtu hata kuzigusa. "Shika kwa chini," akasema, "usiguse kitambaa." Nikaikumbatia kifuani, nikapanda nayo ngazi, na yeye nyuma yangu na ya pili. Baba alikuwa bado uani, amesimama kwenye tope, anajifanya anakagua migomba ya mwalimu. Alituona tunatoka tumebeba spika. Akatoa kisu chake kiunoni, akaanza kumwonyesha mwalimu mkungu wa kukata kwanza.