Ikikuuliza, Bonyeza Y

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu, nilipewa kitambaa cha vumbi. Nilikwenda na sketi mpya ya marinda, na cheti changu cha uchapaji nimekitia kwenye bahasha kisikunjike, nikidhani nitaonyeshwa taipureta nikae nianze kutwanga. Karani Mkuu wa Masjala, mzee mrefu wa Bukoba aliyevaa tai hata kwenye joto la Februari, alikitazama cheti, akanirudishia, akanionyesha makabati.

"Binti, futa majalada yote haya, moja baada ya jingine. Ukimaliza utakuwa umesoma majina yote. Hapo ndipo utaanza kazi."

Hiyo ilikuwa ofisi ya ushirika wa nyumba, Temeke, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Wanachama wetu walikuwa walimu, makarani, mama lishe, mafundi cherehani wa Manzese, watu waliochoka kupanga na kugombana na mwenye nyumba kuhusu maji. Kila mmoja alitaka kiwanja pembezoni mwa mji, hata kama kina vichaka na nyoka. Mie Tatu, mtoto wa Mtoni, nilifuta majalada siku nne mfululizo, nikipiga chafya, na kimoyomoyo nikimsema yule mzee.

Masjala, kwa nyie mliokua na simu mkononi, ni chumba kinachotunza majalada ya ofisi. Kila mwanachama ana jalada lake, kila karatasi ndani yake ina namba, na jalada likitoka mlangoni linaandikwa kwenye rejista: nani kalichukua, saa ngapi, kwa kazi gani. Rasimu ya mkono ikishachapwa huchanwa, maana ofisi haina siri ikiwa na karatasi mbilimbili. Siku moja niliandika juu ya jalada "Mwanaidi Salum", hivyo hivyo jina tupu. Karani Mkuu aliniita mbele ya wenzangu.

"Huyu mlicheza rede pamoja?"

"Hapana, Mzee."

"Basi mpe heshima yake."

Tangu hapo, kwangu hakuna jina lililotembea uchi. Bi Mwanaidi, Mzee Mohamedi, Alhaji Shabani. Sikuona taabu, maana hata kwetu nililelewa hivyo; ukimwita mtu mzima kwa jina lake tupu, unakula kofi kwanza, unaulizwa baadaye.

Kompyuta ilikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, maduka yameanza kujaa vitu ambavyo zamani ulivisikia tu. Weee, mashine ile ilipokelewa kama bibi harusi! Ilitengewa chumba chenye kiyoyozi ambacho hata Meneja hakuwa nacho, ikashonewa nguo ya kitambaa cha maua, na kila anayeingia huvua viatu mlangoni. Siku ambazo Kamati ya ushirika inakutana humo ungedhani kuna maulidi, kwa malapa yaliyojipanga pale nje.

Fundi aliyeileta kutoka mjini alitufundisha siku mbili, akaondoka, na kila tulipompigia simu akasema anakuja kesho. Basi nikajifunza mwenyewe, kwa woga na ubishi. Mashine ikigoma kuwaka, anza na waya: fuata kwa kidole kutoka ukutani hadi nyuma ya sanduku, maana mfagiaji ana ufagio na ufagio hauna macho. Ikiwaka huku inalia bipu bipu, zima, fungua, chomoa vile vibao vidogo vya kumbukumbu, sugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli cha mwanafunzi, rudisha. Mara tisa kati ya kumi inapona. Mara moja ilinuka moshi, nikafungua nikakuta mjusi amekauka juu ya kisanduku cha umeme, na mayai yake mawili pembeni. Meneja Utumishi alisimama mlangoni na soksi zake, akasema, "Dada Tatu, sasa wewe ndiye fundi wetu." Karani Mkuu alipostaafu, nikapandishwa kuwa Msimamizi wa Chumba cha Kompyuta. Nilitembea Temeke nzima kichwa juu, nawaambieni ukweli.

Nikaletewa msaidizi, Felista, binti wa Songea, mpole, ana vidole vyepesi kuliko vyangu. Shikamoo yake ya asubuhi aliitoa akiwa ameinama kidogo, na alinisikiliza kama ninayesoma msahafu. Nilimfundisha yote niliyoyajua, na humo ndimo nilimomwaga sumu.

Sikilizeni vizuri hapa. Mashine za wakati ule zilikubali jina la faili lisilozidi herufi nane. Ukiandika zaidi, inakata. Mie nikasema heshima haikatwi: kila barua ihifadhiwe kwa cheo cha mtu kwanza, halafu jina, mpaka nafasi iishe. Barua ya Bi Mwanaidi ikawa BIMWANAI. Ya Mzee Mohamedi ikawa MZEEMOHA. Na mara nyingine Felista akihifadhi barua, mashine ilimuuliza kwa Kiingereza kitu kirefu chenye Y na N mwishoni. Akaniuliza, "Dada, hapa inataka nini?" Mie, bingwa wa mijusi, sikusoma hata hayo maneno. Niliwahi kubonyeza N, ikanigomea kuhifadhi, nikabonyeza Y, ikakubali. Nikamjibu, "Ikikuuliza, bonyeza Y. Usibishane na mashine."

Mwaka mmoja ushirika ulipata eneo la viwanja Chamazi. Kamati ya Ugawaji ilikaa kila Alhamisi, wiki tatu, na kila wiki ikatuletea orodha ya mkono: jina na namba ya kiwanja. Felista alichapa barua za wanachama, tukachana orodha zile, ambazo hazikuwa na nakala, kama desturi. Barua zenyewe zilibaki ndani ya mashine, kwa sababu utepe wa printa ulikuwa umekwisha na ule wa kuagiza ulichukua zaidi ya mwezi kufika. Habari mtaani zilishaenea kupitia wajumbe: fulani kapata, fulani kapata. Watu walishakata vigelegele kwa barua wasizoziona.

Utepe ulipofika, tukachapisha. Barua zikatoka pungufu. Wanachama kadhaa waliotajwa kwenye Kamati hawakuwa na barua, na wa kwanza kuja kuuliza alikuwa Bi Mwanahamisi, mjane wa Keko aliyekuwa anauza vitumbua kulea wajukuu. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mwanangu, mjumbe kaniapia jina langu lilisomwa. Nimeshawaambia wajukuu tunahama. Nitawatazamaje?"

Tukatafuta mbele yake. BIMWANAH ilikuwepo. Nikaifungua. Ilikuwa barua ya Bi Mwanahija.

Mwenyekiti wa Kamati hakuwa mtu wa kusubiri. Aliyechapa barua zote ni Felista, na kaka yake Felista naye alikuwa ameomba kiwanja huko huko Chamazi. Kwake hesabu ilikuwa imekamilika: binti kafuta majina ya watu ili nafasi zipatikane. Felista aliapa mpaka sauti ikakatika. Akasimamishwa palepale, akatoka kwenye kile chumba akilia na kiatu kimoja mkononi, na mie sikumtetea, maana kusema kweli hata mie nilianza kumshuku. Hilo linaniuma mpaka leo.

Saa sita mchana Meneja Utumishi alinipa karatasi ya mkono. Ilikuwa barua ya kumfukuza Felista kazi kwa wizi na kuvunja uaminifu, na ofisi nzima mchapaji aliyebaki alikuwa mie. "Kabla ya saa tisa iwe mezani kwangu, Dada Tatu. Mwenyekiti anaisubiri."

Nikakaa. Nikaweka vidole. Havikwenda. Nilijiambia, kama kafuta, mashine itakuwa na alama. Nikakumbuka diski zangu. Kila Ijumaa, kabla watu hawajaenda kuswali, nilikuwa nanakili kazi ya wiki kwenye diski laini na kuiandikia tarehe. Nilikuwa na diski tatu za wiki zile tatu, kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikaingiza ya kwanza. Ilikoroma, ikasoma. BIMWANAH. Nikafungua: Bi Mwanahamisi, kiwanja Chamazi, namba iko wazi kabisa! Nikapiga kelele peke yangu. Nikaingiza ya pili. BIMWANAH ileile, lakini ndani Bi Mwanahawa. Ya tatu, Bi Mwanahija.

Loo! Wanawake watatu, jina moja la faili. Kila alipoingia mpya, mashine iliuliza: lipo jina hili, nifute la zamani? Na sie tulijibu ndiyo. Siku ile ndipo niliposoma yale maneno ya Kiingereza kwa kamusi, neno kwa neno, na kila neno lilinichapa. Felista hakufuta mtu. Alitii amri yangu.

Sitajifanya malaika. Nilikaa na zile diski mapajani nikapanga uongo. Miaka ile kila hitilafu ya kompyuta ilisingiziwa kirusi, yaani ugonjwa wa mashine. Ningesema kirusi kimekula mafaili, nani angebisha? Felista angerudi, na mie ningebaki fundi wa mijusi. Lakini nikisingizia kirusi hakuna atakayejifunza, na mashine ingeendelea kuuliza na watu wangeendelea kubonyeza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Saa tisa kasoro nilibisha hodi kwa Meneja, nimeshika diski tatu na karatasi yake ikiwa haijachapwa.

Mwenyekiti alikuwemo. Niliwaeleza yote. Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo mwizi ni nani?"

"Hakuna mwizi, Mheshimiwa. Kosa ni langu. Mie ndiye niliyemfundisha hivyo."

Meneja Utumishi alivua miwani. "Unajua ninalopaswa kukufanya?"

"Najua."

"Na bado umekuja."

"Yule binti analia huko aliko, Bwana Meneja. Kwa kosa langu."

Aliichana ile karatasi ya mkono, akaitupa kapuni. Jioni ileile dereva wa ofisi alitumwa Mbagala, alikopanga Felista, kumrudisha. Nilimwomba radhi mbele ya Mwenyekiti, kwa mikono miwili. Alinijibu kwa kunikumbatia, tukalia wote kama wehu.

Bi Mwanahamisi alipata barua yake wiki ileile. Wale ambao barua zao zilifutana ndani ya wiki moja, kabla ya nakala ya Ijumaa, hawakuwemo kwenye diski, na Kamati ilibidi ikae upya, wajumbe wakumbushane mmoja mmoja. Ilichukua miezi miwili na matusi ya kutosha, lakini hakuna aliyekosa haki yake. Mie na Felista tulipanga mafaili yote upya: kila eneo na kabati lake ndani ya mashine, na kila faili kwa namba ya uanachama, maana namba hairithiwi wala haikatwi. Wazee wengine walikuja juu. "Mmenipa namba, mie mfungwa?" Tukawaonyesha barua zenyewe, Bi na Mzee na Alhaji zimeandikwa kamili, wakatulia.

Miaka iliyofuata nilihamishiwa tawi la Kinondoni kupanga kompyuta zao, kisha nikarudi, nikafundisha vijana wengi, na kila mmoja nilimwanzia hapo: mashine ikikuuliza, soma kwanza. Hujaelewa? Usibonyeze, uliza. Na ukimfundisha mtu, mweleze kwa nini, usimpe amri tupu.

Sasa nimestaafu, nakaa Madale, nafuga kuku na kubishana na wajukuu. Wenzangu sebuleni wametundika vyeti na picha za kuagwa. Mie nimetia kwenye fremu barua ya onyo niliyopewa wiki ile, yenye neno "uzembe" mara mbili. Wageni wanaona haya kwa niaba yangu, wananiuliza, Bi Tatu, hii ya nini ukutani? Nawaambia wasome chini kabisa kushoto, pale ambapo zamani mchapaji alikuwa akiweka herufi za jina lake. Felista ndiye aliyeichapa, akiwa amerudi kwenye kiti chake.