Gunia la Bibi na Maana Nne za Daraja

Majani ya chai yakipata joto ndani ya gunia hutoa harufu tamu ya kuudhi, kama ndizi iliyosahaulika kabatini. Juzi pale Kiwira harufu hiyo ilinipata, nikajikuta nimekasirika upya.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wa Kiswahili alitutuma tuulize watu wa kazi mbalimbali wanalitumiaje neno "daraja", kesho yake tusome mbele ya darasa. Jamani, watu wazima wanachosha! Kaka, dereva, alinihubiria madaraja ya leseni mpaka uji wangu ukapoa. Dada alisema ni kile alichokosa kwenye mtihani wa kidato cha nne, akaninunia. Baba, seremala, hakujibu mpaka nilipomshikilia magogo aliyokuwa akiyatandika juu ya kijito cha njia ya Kisondela, ndipo akasema, daraja ni hili.

Akabaki bibi. Nilimkuta kwenye banda la kupimia chai, Kyimo, akimsubiri karani. Nikakalia gunia lake, nikafungua daftari. Alinieleza taratibu: majani mawili na chipukizi chake, hilo ndilo daraja la kwanza. Kisha akaenda kumsaidia jirani kuchambua majani yake. Mimi nikabaki juu ya gunia, juani, karibu saa nzima, nikipamba mwandiko.

Karani alipofika alizamisha mkono guniani, akautoa upesi. Akalimwaga gunia lote chini. Majani, kwa kukandamizwa juani, yalikuwa ya moto, yamegeuka mekundu.

"Mama, haya hayapokelewi. Nani amekalia gunia?"

Nilifungua mdomo. Bibi, ambaye chai yake haikuwahi kurudishwa hata siku moja, aliniwahi.

"Ni mimi, mwanangu. Miguu imenisumbua."

Wanawake wenzake wakaguna. Mmoja akacheka. Tukabeba kazi ya siku nzima, tukaimwaga migombani.

Kesho yake nilisoma maana nne, nikapigiwa makofi. Bibi nilimkasirikia muda mrefu: nani alimwomba aseme uongo? Leo nina watoto, na najua alichotoa siku ile. Pale bandani alikuwa na sifa moja tu, ya mtu asiyerudishiwa chai, akaiacha mbele ya wote bila hata kunitazama.

Siku ile njiani aliniuliza jambo moja tu, kama kazi ya mwalimu imekamilika. Nilinuna mpaka nyumbani, na ndiyo hasira niliyoinusa juzi.