Dada Aliyeshika Simu Miaka Tisa

Dada yangu alifanya kazi ambayo ukiieleza watu hudhani unawatania: alishika simu. Miaka tisa, asubuhi hadi alasiri, kwenye kampuni inayopima simu mpya kabla hazijaingia madukani. Kazini walimwita Mkono, na yeye hakuona ubaya. Mtu huitwa kwa kinachomlisha, alisema.

Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Kuta zilijaa sponji zenye ncha. Ukisema neno linamezwa papo hapo. Alivua pete, hereni na mkanda, akaketi kwenye kiti kinachozunguka polepole, simu mkononi, kimya kama gogo kwa dakika arobaini. Mhandisi, kijana mpole, alikaa nje akisoma mistari kwenye kompyuta. Ndiye aliyemweleza kwamba mawimbi ya simu hizi ni mafupi, hayafiki upana wa kidole, na mwili wa mtu, kwa kuwa umejaa maji, huyanywa. Kiganja kikiziba antena iliyo ubavuni mwa simu, mawasiliano yanafifia. Kifua nacho hutupa kivuli upande wa nyuma, mawimbi yasipite. Kwa hiyo ushikaji wake ulipaswa kuwa ule ule, jana, leo na kesho, ili kinachotofautiana kiwe simu tu. Dada alijivunia hilo. Mpishi ana ulimi, alisema, mimi nina kiganja.

Kisha baridi yabisi ikamwingia. Kila alfajiri aliloweka vidole kwenye beseni la maji ya moto hadi vikubali kukunjika, ndipo akatoka mbio. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kompyuta. Mistari ilianza kupishana. Simu ile ile, Jumatatu hivi, Jumatano vile. Mhandisi alibadilisha nyaya, akabadilisha simu, wiki mbili nzima. Mwisho akaingia chumbani akamwomba afungue kiganja. Kidole cha kati hakikunyooka.

Siku chache baadaye lililetwa sanduku lenye mkono wa mpira, mweusi, uliotengenezwa unyonye mawimbi kama nyama ya mtu. Haukuchoka wala kuvimba. Dada aliugusa vidole, akamgeukia mhandisi.

“Mwanangu, wenye vidole kama vyangu, simu zao atazipima nani?”

Mhandisi akainamisha kichwa. “Hawamo kwenye kipimo, mama.”

Hakulia pale. Alilia mlangoni kwake, mbele yangu, kwa sababu ufunguo ulimshinda kugeuza.

Walimuaga kwa zawadi ya simu mpya. Binti yake, anayefanya kazi mbali, alimpigia kila Jumapili kwa video. Dada aliishika kwa viganja vyote viwili, vimejikunja, mbavu zote za simu zimezibwa. Picha inaganda, sauti inakatika. Alijua sababu kuliko mtu yeyote, na hakuwa na namna nyingine ya kuishika. Nilimwambia aiegemeze kwenye kikombe. Ikateleza, ikaanguka, na kuiokota kukawa mtihani mwingine. Nikamletea kishikizo cha mezani. Akasema simu hushikwa, haisimamishwi. Kipo kabatini mpaka leo.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwake. Simu iliita. Nikauliza kama nimpokelee. Akasema niiache, mtoto ana mambo yake, asichoshwe na mama anayekatikakatika. Ikaita tena, halafu ikanyamaza. Baadaye akaniomba nimfunge vifungo vya sweta, nikamfunga.