Nilichompaka Bibi Harusi

Hata ninapoandika haya, uso unaniwaka kwa aibu. Nina saluni Singida mjini. Wiki iliyopita mama mmoja wa Mgori aliniletea binti yake, Neema, nimpambe kwa ajili ya harusi.

"Huyu ana aleji ya maziwa tangu utotoni," mama aliniambia. "Hata chai ya maziwa hanywi."

Nikacheka. "Usijali, mama. Hapa hatupiki chai."

Mimi nilidhani aleji ni mambo ya tumbo. Nikampaka Neema usoni mchanganyiko wangu wa siku zote, manjano na maziwa mgando, hadi midomoni. Alipoanza kujikuna, nikamwambia kama mtaalamu, "Vumilia mdogo wangu, uchafu ndio unatoka." Nikamwongezea mchanganyiko mwingine.

Punde midomo ikavimba, macho yakaziba, sauti ikakauka. "Dada, sipumui vizuri."

Nilimnawisha, tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Njiani mama aliniuliza kulikoni. Nikasema labda ni vumbi.

Daktari alimchoma sindano, na taratibu pumzi zikarudi. "Amekula nini?"

"Hajala kitu," mama alijibu.

Daktari akamfuta nyuma ya sikio kwa pamba, akanusa. "Alipakwa nini?"

"Manjano," nikasema.

"Na nini?"

Mama, pamoja na shangazi yake Neema na bwana harusi waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia, wote wakanigeukia.

"Na maziwa mgando," nikanong'ona.

"Sijasikia," mama alisema, ingawa macho yake yalionyesha kwamba amesikia vizuri sana.

Ikabidi nirudie.