Salamu ya Sokoni

Harufu ya dagaa wa Nyasa hunirudisha utotoni. Leo sokoni Majengo mgonjwa wangu alinichekea, nami nikapita kama simjui. Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Manesi bwana, maringo tu!"

Nilikuwa mdogo, nimeshika khanga ya mama mbele ya meza ya dagaa. Nesi wa mama wa kliniki akatokea, uso umejaa furaha.

"Dada yangu! Jumanne sikukuona. Dawa si zimeisha?"

Mkono wa muuzaji ukasimama. Mjini watu walijua kwamba Jumanne kliniki ile ilikuwa ya wenye virusi vya Ukimwi.

"Nilikuwa shamba," mama akajibu, akicheka. Mwanamke aliyesimama karibu nasi akasogeza kikapu chake mbali.

Mpaka leo naipanga upya salamu ile kichwani, natafuta neno la kupunguza. Nesi aliuliza kwa upendo; alijua bila dawa mama angekufa.

Njiani mama alinibana vidole mpaka vikauma.

"Nesi yule ana roho nzuri, mwanangu," alisema. "Ila kule kliniki sirudi tena."

Hakurudi. Tulimzika kabla mahindi yake hayajakomaa.