Maji ya Kisima cha Mama Mkwe

Fundi wa kushona sare za shule hakuogopa maji bure. Alipokuwa msichana, homa ya tumbo ilimlaza hadi nywele zikampukutika kichwani, na tangu hapo hakunywa tone ambalo halijapita jikoni. Mumewe, fundi redio, mtu wa mizaha, alishazoea. "Huyu angeweza, angechemsha hata mvua," aliwaambia wateja wake.

Shida ilikuwa ukweni. Kisima cha mama mkwe kilikaribiana na choo, na kila masika maji yake yaligeuka rangi. Bibi huyo alikisifu kama mtu anavyomsifu kifungua mimba wake. Siku mkaza mwana alipokwenda na chupa yake ya maji mkobani, wifi mtu aliiona, akacheka.

"Karibu, Mama Chemsha. Unaogopa tutakunywesha sumu?"

Bibi hakucheka. "Watoto wangu wote nimewakuza kwa maji haya. Anayekataa maji ya nyumba, nyumba yenyewe ameikataa."

Mume akawa katikati, huku mama, huku mke. Akachota kikombe, akakimaliza, akachota kingine. "Mama, maji yako matamu." Kisha akamnong'oneza mkewe, "Mridhishe tu. Maji hayaui."

Mke hakunywa, wala hakujibu. Angesema, angeitwa mjuaji. Kunyamaza kwake kukaitwa kiburi.

Wiki ya pili homa ikamwanza mume. Akameza vidonge vya maumivu, akaenda kazini, akarudi akiburura miguu.

"Twende ukapimwe," mkewe alimsihi.

"Uchovu tu huu, utapita."

Alipokubali kupelekwa hospitali, tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Daktari akasema ni homa ya tumbo, utumbo umeshatoboka, na wamechelewa. Wakampasua hivyo hivyo. Hakuamka.

Msibani mama mkwe alisema mbele za watu, kwa sauti kavu, "Mwanangu alikuwa na mwili wa chuma. Huyu ndiye aliyemlegeza na maji yake ya kuchemsha." Baadhi ya waombolezaji wakaitikia kwa vichwa, vikombe vya maji ya kisimani mikononi. Mjane akageukia ukuta. Kufiwa alikuweza, kusingiziwa hakukuweza.

Miezi ikapita bila salamu kutoka ukweni, hata za kumjulia hali mtoto aliyeachwa na marehemu. Mchana mmoja, akiwa kwenye cherehani, simu ikaita. Alikuwa wifi yake, sauti imemshuka.

"Wifi, mwanangu anaharisha, na homa haishuki. Jirani kaniambia nichemshe maji. Nayachemsha mpaka yaweje?"

Kukata simu kulimjia, akakuona kutamu. Lakini mtoto ana kosa gani?

"Mpeleke hospitali kwanza, leo hii, usingoje. Maji yaache yatokote kwa nguvu, si kutoa mvuke tu. Yafunike yapoe humo humo. Na mtu asichovye kikombe kichafu."

"Mama asijue kama nimekupigia."

"Sawa."

Simu ikakatika. Hakuambiwa pole wala samahani, na marehemu hakutajwa. Akarudia kola aliyokuwa akiishona. Kwa hasira akaipachika kinyume, ikabidi aifumue uzi kwa uzi.