Mama Aliyesimamisha Misa ya Mwanawe

Mama yangu aliwahi kusimamisha misa ya wafu kanisani. Misa ya mtoto wake mwenyewe.

Padre keshavaa, wanakwaya wamejipanga, wali na mboga ya sombe vinasubiri ukumbini. Yeye akatembea hadi mbele, koti la baridi bado limefungwa vifungo, akasema kwa sauti iliyotufikia hata sisi wa viti vya nyuma.

"Padre, mtoto wangu yuko hai. Usimsomee misa ya wafu."

Hiyo ni Parkdale, Toronto, Desemba 1998. Watu wa kwetu walisema ile shule ya Wayahudi anakofagia imemvuruga akili. Wengine wanasema hivyo mpaka leo, wamezeeka nayo, Mungu awasamehe.

Naandika kwa sababu mama hayupo tena na mimi nimechoka kubeba. Naitwa Inès. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi. Mkitaka kunitukana, sawa, ila mfike mwisho kwanza.

Tulitoka Uvira Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini.

Mama, Libérata, alikuwa na mimba ya miezi saba, presha juu, miguu imevimba hata viatu haviingii. Ikapatikana nafasi moja tu kwenye lori lililokuwa linapeleka wagonjwa mji wa Baraka. Papa, Déogratias, akampandisha kwa nguvu.

Sisi tungefuata kwa miguu kando ya ziwa. Papa, mimi, na mdogo wangu Brice aliyekuwa na miaka mitano na nusu.

Tulifika Baraka siku ya tano. Tulifika wawili.

Papa alimwambia mama kwamba Brice amepotea. Kwamba risasi zililia karibu na kijiji cha Swima, watu wakatawanyika, mtoto akamponyoka mkononi. Huenda kachukuliwa na familia nyingine, atapatikana tu.

Mama hakupiga kelele. Alisimama na tumbo lake lile akaanza kutembea kurudi tulikotoka. Wanawake wanne ndio waliomshika.

Tukavuka ziwa. Mdogo wetu Amandine akazaliwa kambini Kigoma. Mwaka 1998 tukaletwa Toronto, tukapewa gorofa la zamani kule Weston, treni ikipita vikombe vinatetemeka kabatini.

Miaka yote miwili mama alikuwepo na hayupo. Anapika, anasahau chumvi. Ananisuka, anaachia nusu kichwa anakwenda kusimama dirishani.

Watu walikuja kumfariji, wachungaji kwa mapadre, mpaka wamama waliofiwa na watatu na wanne. Wapi. Maneno yalikuwa hayamwingii.

Papa ndiye aliyejitahidi kuliko wote. Kila mara alimbembeleza, Mama Inès, kubali sasa, mtoto ameshakufa, tumfanyie misa, tuondoe matanga, tulee hawa waliobaki.

Mama alikuwa na jibu moja. "Papa Inès, wewe umeona maiti?"

Papa anainama, mazungumzo yanaishia hapo.

Basi mama akapata kibarua cha usafi kwenye shule ya Kiyahudi huko North York. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi.

Shule ile ilikuwa na sheria zake, na mama alizishika haraka kuliko sheria za Kanada. Jikoni masinki mawili, moja la vyombo vya nyama, jingine la vyombo vya maziwa, na ole wako uchanganye. Chakula cha kutoka nyumbani hakivuki mlango wa jiko lile, kwa hiyo ndagala zake alizila kwenye stoo ya mafagio. Ijumaa kila mtu anakimbizana awe nyumbani kabla jua halijazama.

Alizipenda sheria zile, nawaambia ukweli. Alisema hawa ni watu wanaojua Mungu anataka nini mpaka kwenye vijiko.

Humo ndimo alimokutana na mwalimu wa Torati wa darasa la nne, mama wa miaka karibu sabini aliyeitwa Fruma. Watoto walimwita Mora, ndiyo mwalimu kwa Kiebrania chao. Alikuwa amezaliwa Antwerp, Ubelgiji, kwa hiyo Kifaransa kilikuwa cha kwake tangu utotoni.

Fikiria mama yangu, ambaye Kiingereza chote alichoweza kutamka kilikuwa "sorry" na jina la kila takataka. Amepata mtu wa kuongea naye.

Watoto wakishaondoka, wawili hao walikaa dakika kumi kwenye viti vya wanafunzi, magoti juu. Mama alimsimulia Brice. Madame Fruma naye alimsimulia mdogo wake wa kiume aliyechukuliwa mwaka 1942, yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na moja. Hakurudi.

Sasa, Wayahudi husoma Torati kwa mafungu, kila wiki na fungu lake. Wiki ile ya Desemba ilikuwa zamu ya Yakobo na Yusufu.

Mama alikuwa koridoni anadeki matope ya theluji, mlango wa darasa uko wazi. Hadithi anaijua tangu katekisimu. Ndugu wanamuuza Yusufu, wanampelekea baba kanzu yenye damu, mzee anaamini mwanawe kaliwa na mnyama. Wanawe wote wanakuja kumfariji. Anakataa.

Mora akauliza darasa, kwa nini alikataa? Watoto wakajibu kwa sababu alimpenda sana. Akasema hapana, kila mzazi anampenda mwanawe, na bado wazazi hufarijika.

Akawaeleza kwamba wazee wao wa Torati walifundisha hivi. Aliyekufa kweli, Mungu huupa moyo zawadi ya kumsahau, kidogo kidogo. Lakini aliye hai unayedhani amekufa, zawadi hiyo haishuki. Yakobo hakufarijika kwa sababu Yusufu alikuwa hai.

Kiingereza cha mama kilishika nusu. Nusu ile ilimtosha kuacha kudeki.

Watoto walipotoka, aliingia akamuuliza kwa Kifaransa. Mimi miaka miwili sijafarijika, madame. Ina maana mwanangu yu hai?

Madame Fruma akautazama uso wake. Kisha akasema, "Ndivyo walivyofundisha."

Nilipokuwa mkubwa aliniambia mwenyewe kwamba palepale alijua amekosea. Lakini uso wa mama ulikuwa umeshawaka, na yeye hakupata ujasiri wa kuuzima.

Siku ile mama alirudi nyumbani anaimba. Papa alikuwa anavua buti za kiwandani. Akabaki na moja mguuni.

Misa papa alikuwa ameshaipanga Jumapili. Mama hakubishana na mtu, akaenda nasi, na yaliyotokea nimeshawaambia.

Jumatatu yake alipita duka la mitumba akamnunulia Brice buti za theluji. Alikaa jikoni anapiga hesabu kwa vidole, mguu ulikuwa hivi, miaka miwili, sasa utakuwa hivi. Akaziweka mlangoni katikati ya zangu na za Amandine.

Kila asubuhi nikienda shule niliziruka. Jamani, sikuweza kuzikanyaga wala kuzigusa.

Na mama alinawiri, hilo ndilo baya. Alinisuka kichwa kizima. Alicheka na Amandine. Alianza kusema "Brice akija" jinsi mtu anavyosema mvua ikija. Papa yeye alikonda mpaka mkanda ukatobolewa tundu jipya.

Januari ile theluji ilijaa hadi mabasi yakasimama. Iliposafishwa kidogo, Madame Fruma alikuja kwetu Weston siku ya Jumapili. Alikuwa amebeba fomu ya shirika linalotafuta watu waliopotezana vitani. Fomu hiyo aliijua, kwa ajili ya mdogo wake alikuwa amewahi kuijaza mara tatu.

Hakula kwetu, kwa sheria zao, aliomba maji tu kwenye glasi. Akakaa mezani na kalamu. Jina la mtoto, mama akataja. Tarehe ya kuzaliwa, akataja. Alama mwilini, kovu la pasi mkono wa kushoto.

Ikafika sehemu ya aliyemwona mara ya mwisho. Wapi, siku gani, mtoto amevaa nini.

Mama akamgeukia papa. "Papa Inès, sema. Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Papa akasema Swima. Baadaye akasema kabla ya Swima. Siku hakumbuki. Nguo hakumbuki. Jasho linamtoka, na nje baridi inapasua mawe.

Madame Fruma akaiweka kalamu chini. Alimtazama papa, halafu akanitazama mimi niliyekuwa sakafuni na Amandine.

"Na wewe, binti, unakumbuka alivaa nini?"

Miaka miwili na miezi mitatu. Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza.

"Shati la njano," nikasema. "Na kitenge cha mama cha maua ya bluu. Papa alimfunika nacho mpaka usoni."

Ndiyo. Nilikuwepo. Tangu mstari wa kwanza wa simulizi hii nimewaficha na ninyi, kama nilivyomficha mama yangu mzazi.

Brice alishikwa na kuhara siku ya pili. Hakuna maji safi, hakuna dawa. Siku ya tatu mchana papa alikuwa amembeba mgongoni, akahisi uzito umebadilika. Hakupotea wala hakuchukuliwa na mtu yeyote. Alikufa, tukamzika kando ya njia, mimi na papa.

Papa aliniambia tusimwambie mama mpaka ajifungue, presha itamuua. Akajifungua. Tusimwambie mpaka Amandine aache kunyonya, maziwa yatakauka. Amandine akaacha. Tusimwambie mpaka tufike Kanada. Tukafika, na sasa uongo ulikuwa na miaka miwili, nani angeanza kuufungua?

Ndiyo maana alitaka misa ile kwa udi na uvumba. Alitaka mtoto wake apumzike bila yeye kutamka.

Mle sebuleni mama alikuwa ameshaelewa. Mama aliuliza jambo moja.

"Nani alimwosha?"

"Mimi," papa akasema. "Ziwani."

Mama akateleza kutoka kwenye kiti mpaka chini.

Papa akasogea amwinue. Madame Fruma akamzuia kwa mkono, akamwambia amwache. Kisha yule mzee akavua viatu vyake, akashika meza, akashuka polepole, akakaa sakafuni pembeni ya mama.

Akamweleza kwa sauti ya chini. "Kwetu, madame, mfiwa huketi chini siku saba. Lakini habari ya kifo ikichelewa kupita siku thelathini, sheria inampa saa moja tu."

"Saa moja," mama akarudia. "Kwa mtoto mzima."

"Saa moja."

"Wamekula hata kilio changu," mama akasema.

Ndipo alipolia. Sitawaeleza kilio kile, aliyezaa ataelewa. Alimlilia Brice, akalilia miaka miwili ya kumwombea mtoto chakula na nguo na watu wema wa kumlea, mtoto aliyekuwa udongoni.

Saa ilipotimia nilimwona Madame Fruma akitazama ukuta, ilipo saa yetu. Akaiacha ipite. Ikapita ya pili, ikapita ya tatu, yule mzee mwenye magoti mabovu yuko palepale chini, mkono wa mama uko kwenye mapaja yake. Sheria anayoifundisha miaka thelathini, siku ile aliifumbia macho.

Kabla hajaondoka alimwomba mama msamaha. Alisema somo lile lilikuwa na upande wa pili, naye hakumpa. Wale waliomzunguka Yakobo wakimfariji, ndio haohao waliojua ukweli. Faraja ya mtu anayekuficha haiwezi kukuingia hata akikesha anakubembeleza. Alisema yeye mwenyewe alishika upande wa kwanza miaka hamsini, ili asimzike mdogo wake.

Giza lilipoingia mama aliniita. Mimi, siyo papa.

Nikakaa mbele yake. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

"Shimo lilikuwa refu kiasi gani?"

Nikasimama, nikaweka mkono kifuani. Nilikuwa na miaka minane siku ile, lakini nilikumbuka lilinifika wapi.

"Alichimba na nini?"

"Sahani ya bati. Na mikono."

Mama alimtazama papa, akaitazama ile mikono yake iliyochimba. Akamwambia amletee maji ya moto anawe uso. Papa akayaleta.

Misa ilisomwa mwezi wa pili. Kanisani safu moja ilikaliwa na Mora na walimu wenzake wawili, waliokuwa wamebaki mlangoni mpaka mama alipokwenda kuwashika mkono. Na mama yangu alianza kufarijika, polepole kweli, hakuna aliyeona siku yenyewe.

Lakini yeye na papa hawakurudi kuwa kama zamani. Waliishi pamoja, walizeeka pamoja, papa alimuuguza mpaka pumzi ya mwisho. Ila papa akimwambia jambo lolote, hata kwamba basi limechelewa, mama aliniangalia mimi kwanza.

Mwaka jana, akiwa kitandani, nilimwomba msamaha. Akasema, "Ulikuwa mtoto." Baadaye kidogo akasema, "Lakini ulikuwa unanijua, Inès. Uliniona pale dirishani."

Ndugu zangu, mnaomficha mtu msiba wake eti mnamhurumia, mimi nimefanya hivyo nikiwa na miaka minane na sijalala vizuri tangu hapo. Kilio ni mali yake. Mpeni leo, hata kama ana mimba, hata kama ana presha, mshikeni mkono mumpe. Mkichelewa mtampa tu, lakini hatawaamini tena.